Pikipiki ya Mwalimu na Mguu wa Kuazima

Kwa muda mrefu pikipiki ile ilikuwa nyumba ya kuku. Ilisimama nyuma ya nyumba ya rafiki yangu, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, chini ya karatasi la plastiki ambalo zamani lilikuwa la buluu, na kuku wake walilala juu ya kiti kama abiria wasiojua kwamba dereva hatakuja. Jogoo alikuwa na mahali pake kwenye usukani, upande wa klachi. Kila nilipopita pale kuazima chumvi niliitazama kwa heshima ile tunayowapa wazee waliokuwa wakurugenzi kule nyumbani na sasa wanapanga nyanya mafungu mafungu mbele ya mlango.

Rafiki yangu huyo ni mtu wa Uvira, kule kwetu Kongo. Alifundisha kemia katika shule ya sekondari hadi vita vilipofunga maabara, na kambini anafundisha kwaya, kwa hiyo kila mtu, hata polisi, anamwita Mwalimu. Mimi ananiita Lisansie. Nilipata lisansi ya historia kule Bukavu, na ndiyo shahada pekee ninayoijua ambayo haijawahi kumpa mtu kazi wala kumzuia kuzungumza. Jina hilo linaniudhi kidogo, naye anajua.

Mwaka huu safari yake ilitoka. Kambini hakuna haja ya kueleza ni safari gani: ni ile ya ndege, ya kwenda nchi ya theluji, ambako binti yake alimtangulia. Habari ikifika, majirani huja kumpongeza msafiri, na wakati wanampongeza macho yao yanatembea ukutani. Ndiyo desturi yetu. Anayeondoka hawezi kubeba sufuria, kwa hiyo kabla soda haijaisha kila sufuria imekwisha kupata mwenyewe, tena kwa adabu kubwa. Mtu hasemi nipe. Anasema ile sufuria inafanana sana na yake iliyopotea. Kitanda kikaenda, redio ikaenda, hata mlango wa choo, ambao ulikuwa wa bati zuri, ukapata mchumba. Mimi nilikuwa nimejiwekea rafu ya vitabu na nilikuwa nimekaa karibu nayo tangu asubuhi. Pikipiki hakuna aliyeiomba.

Watu walipoondoka nikamuuliza, ili mazungumzo yasife, kama angewaachia wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, mguu wa kulia umenyooka mbele yake, kwa sababu goti lake hilo lilikuwa limekwisha kukataa kukunjika.

"Mi siendi bila kumuaga mama," akasema. "Na nitaenda na hii moto."

Moto, kwa lugha ya kwetu, ni pikipiki, na mama ni marehemu mke wake, ambaye mimi nilimwita shemeji. Nilimkumbusha Mwalimu kwamba vijana wa kabaza, wale wa baiskeli za abiria, wangempeleka makaburini bila hata kuombwa. Nusu yao wanaimba besi katika kwaya yake. Akajibu kwamba alikwisha kulifikiria hilo. Halafu akageuka, akaitazama pikipiki.

"Lisansie, tangu alale pale, hajasikia nimefika."

Mimi nilimwelewa, kwa kuwa nilikuwa jirani yao Lilongwe. Wakati ule, kabla serikali haijaturudisha wakimbizi wote kambini, tulipanga Nsungwi, kule Area 25, milango yetu ikitazamana. Pikipiki ile aliinunua kwa mlangizi mmoja wa wakulima, bwana shamba aliyestaafu: ya Kijapani, silinda moja, ngumu kama punda. Asubuhi alimpakia shemeji na mafurushi yake ya vitenge, akampeleka soko la Tsoka, kisha akaenda Area 18 kuwafundisha watoto wa watu wenye nafasi masomo ya ziada. Shemeji alirudi mapema kwa minibasi. Jioni, pikipiki ilipokunja kutoka barabara kuu, ilikohoa, ikasita, halafu ikaanza kuongea, na shemeji, aliposikia, aliweka jikoni maji ya bugali, ugali ule ambao majirani wetu waliuita nsima. Mume alipofika mlangoni maji yalikuwa yanachemka. Shemeji alikuwa akituambia kwamba wanaume wengine wanarudi kwao kimya kama wezi, ila yeye wa kwake anarudi kama treni. Alisema hivyo akilalamika, na hakuna aliyemwamini kwamba analalamika.

Tuliporudishwa kambini pikipiki ilikuja juu ya lori, katikati ya magodoro, na haikuwaka tena. Haukupita muda shemeji naye akaugua. Siku ya mazishi tulikwenda nyuma ya pikapu ya kanisa. Kaburi lake liko ng'ambo ya dambo, lile bonde la majani na matope, ukishapita mashamba ya mahindi. Kwa goti la Mwalimu, huko ni mbali kama Uvira.

Goti hilohilo ndilo lililokuwa linamzuia kupiga kiki, ile pedali ya kuwashia injini kwa mguu. Kwa hiyo nilimwambia mguu ninao, aazime wangu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejitolea figo.

Ambalo sikumwambia ni kwamba mguu wenyewe haukuwa na elimu. Mimi ni mtu wa Bukavu, na sisi wa Bukavu kiki tuliiona kama pambo. Mji wetu umeng'ang'ania vilima kama mbuzi. Pikipiki ukiiegesha unaielekeza chini, unaweka jiwe mbele ya gurudumu, unaenda zako. Ukirudi unatoa jiwe, unakaa, unaiacha iserereke, na kabla hujamfikia muuza mikate wa kwanza unaachia klachi na injini inaamka kwa mshtuko. Hatukuuliza kama moto ya mtu ni nzima. Tuliuliza ameiegesha wapi.

Hata ndoa yangu ilipangwa na miteremko. Kaka yangu alikuwa na pikipiki, nami nilikuwa na ruhusa ya kuitumia Jumapili. Msichana niliyemtembelea alikaa chini karibu na ziwa, kwenye uwanja ulio sawa kama sahani, mahali ambapo nisingeweza kuiwasha tena mbele ya mama yake bila kuaibika. Basi niliiacha juu, kwenye kona moja ya barabara ya Kadutu, nikashuka kwa miguu katika matope na kuingia kwao viatu mkononi. Mama yake akaona kijana mnyenyekevu, asiye na majivuno ya moto kama wenzake. Kwa sifa hiyo nikapewa binti. Mke wangu aligundua ukweli baada ya harusi, na mpaka leo, akitaka kunishusha, anauliza tu habari za kona ile.

Watu wakikumbuka Bukavu wanakumbuka ziwa. Mimi ninakumbuka Jumapili baada ya misa, pikipiki zote zilipoachiwa kwa pamoja kutoka mbele ya kanisa. Hapakuwa na kelele, ni matairi tu juu ya changarawe, wamama wamekaa upande na miavuli yao, vitambaa vya kichwa vinapepea. Halafu huko chini zikaanza kuwaka moja moja, kila moja mahali pake. Ya daktari iliwaka kwenye duka la dawa, ya katekista iliwaka kwenye bomba la maji, ya kaka yangu iliwaka karibu kabisa na ukuta wa shule, na siku nyingine haikuwaka mpaka kwenye ukuta wenyewe. Ungeweza kufumba macho ukajua nani anarudi nyumbani.

Tulianza kazi kwa kuwahamisha kuku, ambao walilipokea jambo hilo kama sisi tulivyopokea la kuondoka Lilongwe. Mwalimu alikaa juu ya ndoo na kutoa amri, mimi nikapiga magoti na kutii. Petroli ya zamani ndani ya tangi ilikuwa imegeuka utomvu wa rangi ya chai. Kabureta tuliifungulia ndani ya beseni la enameli la mke wangu, ambalo niliazima bila kumsumbua kwa kumwambia. Mke wangu ni fundi cherehani, na katika kabureta kuna kitundu cha shaba cha kupitisha petroli, chembamba kiasi kwamba hakuna kinachoingia humo ila sindano yake nyembamba kuliko zote. Hiyo nayo niliiazima kwa utaratibu uleule.

Tulibishana muda wote. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa kemia, aliamini kila shida ya dunia ni shida ya mafuta na hewa. Mimi, kwa kuwa ni mwanahistoria, nilitafuta wa kulaumiwa, nikaiangukia plagi. Kwa bahati plagi ilikuwa imekufa kweli, na kwa siku nzima nikawa mtu mgumu kuvumilika. Kambini ya aina ile haikupatikana. Nikaomba kibali nikaenda Lilongwe.

Basi dogo lilipopita Nsungwi nikageuza shingo, kama ninavyofanya kila mara, kuitafuta nyumba yetu. Mwenye nyumba ameipaka rangi ya kijani. Kwenye dirisha tulilozoea kuliziba kwa katoni, watu wametundika pazia zuri, la waridi. Sijui kwa nini jambo hilo lilinichoma. Sisi tulikuwa na miaka yote ile ya kununua pazia na hatukununua.

Tsoka nilipata plagi kwa mzee mmoja aliyeipuliza kabla ya kunipa, kama mtu anayempa mtoto chai. Nilikuwa na haraka ya kurudi, lakini miguu ikanipeleka yenyewe kwenye safu ambako shemeji alikuwa akitandika vitenge vyake. Mama aliyekuwa akikaa kando yake akiuza usipa, wale dagaa wa ziwa la huku, alikuwa bado yupo, ila sasa ametandaza samaki wake hadi mahali pa vitenge. Akanitambua. Akaacha kupima, akaniuliza, "Amayi aja ali bwanji?" Yule mama hajambo?

Kichewa changu ni cha salamu na cha kununulia vitu. Cha msiba sina. Nikajikuta nimejibu ali bwino, hajambo. Yule mama alifurahi sana. Akachota usipa kwa mikono miwili, akawafunga kwenye karatasi, akanikabidhi niwapeleke, tena akaonyesha pale chini kwa kiganja, kwamba nimwambie nafasi yake ipo, yeye muuza usipa ameishika tu. Nikasema zikomo, asante, nikaondoka na mzigo wangu: plagi, chupa ya mafuta ya kupikia iliyojaa petroli, na zawadi ya mtu ambaye hayupo.

Njia nzima nilitunga maneno. Nilipofika nikaweka vitu mbele ya Mwalimu na maneno yote yakanitoroka, nikamweleza ovyo ovyo, kama ilivyotokea. Alifungua karatasi akanusa. Akauliza kama nilisema ukweli. Nikamjibu kwamba nilisema hajambo. Akasema ni vizuri. Halafu akaomba mafuta na kitunguu kwa mke wangu, akawakaanga mwenyewe, mguu wake umenyooka kando ya mbabula, jiko la mkaa, kama kuni isiyotaka kuungua, tukala na bugali. Tulipokuwa katikati ya chakula akakumbuka kwamba shemeji, miaka yote ile, hakuwahi kuwakubali usipa. Alikuwa akisema hawa ni ndagala, wale dagaa wa kwetu, walioanguka mtihani. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akawa anaifuta, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

Plagi mpya ikaingia, petroli ikaingia, na sasa ikabaki mimi.

Kuna namna ya kupiga kiki, nami nilifundishwa mbele ya majirani wote. Unaishusha polepole hadi usikie injini inakataa. Hapo unaipitisha kidogo, unairudisha juu, kisha unaisukuma kwa uzito wako wote, mpaka chini, bila kusita. Mimi niliirukia. Ikanirudishia teke kwenye muundi, nikazunguka ua kwa mguu mmoja. Jirani mmoja, mama wa Kirundi mwenye huruma, akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama kuna mtu ameuawa.

"Lisansie, hii si nyoka," akasema Mwalimu. "Usiikanyange. Uisukume."

"Mi niko nasukuma."

"We uko nakanyanga. Bantu ba Bukavu hamujue moto. Munajua mulima tu."

"Na bantu ba Uvira munajua nini? Kukaa juu ya ndoo?"

"Njo kazi ya mwalimu, ndiyo hiyo," akasema. "Rudilia."

Nikarudilia. Nilirudilia asubuhi kabla ya jua kali na jioni baada yake, na haikuwaka. Haikukohoa hata kwa kutuonea aibu. Mguu wangu ulivimba, na kanisani nilipopanda kusoma somo nilichechemea kwa namna ambayo ilinipatia pole nyingi kuliko nilivyostahili.

Ndipo akili ya nyumbani ikanijia. Siku moja Mwalimu alikuwa amekwenda kupimwa na madaktari wa safari, nikaona hakuna wa kunizuia. Nikaisukuma pikipiki peke yangu hadi kwenye dambo, ambako ardhi inainama kidogo. Kwa mtu wa Bukavu mwinamo ule ni kama mto wa kitanda, lakini njaa haichagui. Nikaielekeza chini. Nikatafuta hata jiwe, kwa mazoea, nikaliweka mbele ya gurudumu, nikalitoa. Nikakaa. Ikaanza kwenda, upepo ukaniingia ndani ya shati, na kwa muda mfupi sana nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa natoka misa. Nikaachia klachi. Gurudumu la nyuma likakaza, likateleza juu ya majani kama sabuni, na pikipiki pamoja na mimi tukaingia kwenye matope, tukasimama wima humo, kimya, kama sanamu iliyowekwa na manispaa.

Wamama wawili wa kanisa letu waliokuwa wanatoka shambani walinitoa. Walisukuma huku wanaimba, na walichagua wimbo wa Kutoka Misri.

Mwalimu aliporudi kutoka kwa madaktari alikuwa amekwisha kusikia. Alizunguka pikipiki, akatazama matope yaliyokuwa yamekauka hadi kwenye tangi, akakaa juu ya ndoo yake.

"Ulienda kutafuta Bukavu?"

"Njo vile."

"Uliipata?"

Nikamwambia nilipata matope tu. Akatikisa kichwa, hakunitania tena, na hilo ndilo lililoniuma. Madaktari walikuwa wamempa jibu zuri, na pamoja na jibu walimpa siku: basi la wasafiri lingekuja Alhamisi. Shati lake jeupe la kwaya, alilokuwa amelipiga pasi kwa ajili ya kwenda makaburini, lilikuwa linaning'inia kwenye msumari tangu tulipoanza. Jumatatu jioni aliliteremsha, akalikunja, akaliweka ndani ya sanduku la safari. Akasema, bila kunitazama, kwamba labda hata kabaza si mbaya. Kengele yake inasikika.

Usiku ule mke wangu aliniuliza jambo moja tu, beseni lake.

Jumanne asubuhi akalifuata mwenyewe. Alisimama katika ua wa Mwalimu, mikono kiunoni, akaanza kutaja vitu vyote vilivyotoka kwake tangu kazi ile ianze: beseni, sindano, mafuta ya cherehani, kipande cha kitenge kizuri ambacho sisi tulikiita tambara. Hotuba ilikuwa inaelekea kwenye kona ya Kadutu, niliona dalili zote, mara akanyamaza katikati ya neno.

"Papa," akaniita. "Hii mududu inaenda wapi?"

Nyigu mweusi, mwenye kiuno chembamba kama uzi, alikuwa anaelea nyuma ya pikipiki na kidonge cha udongo mdomoni. Akatua kwenye mdomo wa bomba la moshi, akaingia ndani kama mtu anayeingia kwake. Akatoka bila udongo. Akaenda. Mwenzake akaja.

Tukatazamana, mtu wa kemia na mtu wa historia. Tulikuwa tumetafuta petroli, tumetafuta cheche, tumepeana majina. Hakuna aliyekuwa amejiuliza kama injini ile, baada ya kuvuta pumzi, ina mahali pa kuitolea. Nyigu walikuwa wamejenga humo ndani mwaka baada ya mwaka, nyumba mbele ya nyumba, kama sisi.

Mwalimu akamuuliza mke wangu tangu lini amekuwa fundi wa moto.

"Mi si fundi, shemeji," akasema, kwa kuwa nao wawili waliitana hivyo. "Nilikuja kuchukua beseni yangu."

Tulichokonoa kwa mti wa mwavuli uliovunjika. Udongo ulitoka vipande vipande, pamoja na viwavi vyeupe ambavyo kuku walivipokea kama fidia. Tulipofika mahali ambapo mti haukugonga tena kitu, nikasimama upande wa kiki. Nilimngoja Mwalimu aanze kufundisha, lakini alikuwa ameshika magoti yake yote mawili, anatazama chini. Basi nikaishusha mwenyewe polepole, mpaka ikakataa. Nikaipitisha. Nikairudisha juu. Nikaisukuma kama mtu anayesukuma mlango ambao anajua ndani kuna watu.

Ilikohoa. Donge la udongo lililokuwa limebaki likaruka, likalia ndani ya beseni la mke wangu. Ikasita. Halafu ikaongea.

Kelele zile nilikuwa nimezisahau, na mwili ulikuwa haujazisahau. Nilisikia harufu ya Nsungwi, moshi wa mkaa, maji yanayochemka. Mke wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni, na beseni, pamoja na donge lake, limebaki chini. Mwalimu aliinuka, akaegemea tangi kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akapaza sauti ili nimsikie: nimtolee shati lake ndani ya sanduku.

Tulikwenda palepale. Yeye aliendesha, kwa kuwa goti lililokataa kukunjika halikukataa kukaa, na breki ya nyuma tuliikabidhi kwa Mungu. Mimi nilipanda nyuma. Nilikuwa sijakaa nyuma ya pikipiki tangu utotoni, na mwili wangu umeongezeka, kwa hiyo nilimshika kiunoni kwa nguvu, naye akaniambia nisimshike hivyo, bantu watasema. Watu walitoka milangoni. Vijana wa kabaza walituona wakaanza kupiga kengele zao, na mama wa Kirundi alisimama njiani, akapiga makofi ya polepole kama tunavyopiga mtu anapotoa ushuhuda. Tulizunguka dambo kwa daraja dogo, tukapita kati ya mahindi yaliyokuwa yameanza kukauka, na vumbi jekundu likamharibia shati.

Kaburi lina msalaba wa saruji na majani yaliyofyekwa na wanakwaya. Akaisimamisha kando yake, injini inanguruma. Nikashuka na mpango wangu tayari: nimshikie gesi, yeye ashuke, aseme ya kusema, turudi kabla haijabadili mawazo. Kuizima kulikuwa hatari. Huku hakuna fundi, hakuna mteremko, na mguu wangu mmoja ulikuwa wa buluu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hakuzoea kuongea na mi wakati moto iko nalia."

"Na isipowaka tena?"

"Basi. Amekwisha kusikia."

Akapunguza gesi kidogo kidogo, akaipandisha mara moja, fupi, kama alivyokuwa akifanya mlangoni pale Nsungwi, halafu akazima. Majani ya mahindi ndiyo yaliyobaki yanaongea. Alishuka kwa shida, akauburuta mguu hadi kwenye msalaba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetundika koti:

"Mama, nimefika."

Niliondoka. Nilikwenda mpaka ukingo wa mahindi, nikawapa mgongo. Sauti yake ilinifikia, maneno hayakunifikia, na sikuyatafuta. Mara moja alicheka. Nilifikiria mambo yangu: kwamba Bukavu hatukuiaga, tulitoka na funguo mfukoni kama watu wanaokwenda sokoni; kwamba mama mkwe wangu alifia kule kwenye uwanja wa sahani, na mke wangu alilia mbele ya cherehani, akishona, kwa sababu sare za watu zilikuwa zinangojwa. Yeye hakupata mtu wa kumwazima mguu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotaka, na nilipoitwa nilikuwa nimeng'oa majani yote ya shina moja la mahindi ya mtu.

"Lisansie. Tuende."

Nikaenda upande wa kiki. Hakunielekeza kitu. Niliishusha, ikakataa, nikaipitisha, nikasukuma, na haikuwaka. Sikuirukia. Nikaanza upya, polepole, na safari hii ikakohoa, ikasita, ikashika. Nikashikilia gesi mpaka ilipotulia, kisha nikasogea kumpisha ashike usukani.

Hakuwa mbele. Alikuwa amekwisha kupanda, kwa namna aliyoijua mwenyewe na goti lile, na alikuwa amekaa nyuma, mahali pa mkewe, mikono juu ya mapaja, anatazama mahindi.

Nikamwambia, ukiacha safari ya matope, sijashika usukani tangu nilipokuwa kijana.

"Enda tu," akasema. "Shemeji amepika."